Mali ya Serikali Isiyohitajiwa Tena: Namna Inavyouzwa

Katika miji yetu mingi kuna nyumba za Serikali zilizofungwa. Madirisha yamevunjika, majani yameota mpaka mlangoni, popo wamejaa chini ya paa. Watu wanaopita wanasema: «Ile ni mali ya Leta, haina mwenyewe.» Kisha siku moja mafundi wanafika na matofali na simenti, ukuta unapanda, mlango wa chuma unatiwa. Ni nani aliyeinunua? Aliinunua kwa nani? Kwa bei gani? Hakuna anayejua, na mwenye kuuliza anajibiwa kwamba kartasi zipo.

Makatekista wanazijua habari hizo kuliko sisi, kwa maana wao ndio wanaoulizwa kwanza, jioni, mafundisho yakiisha: «Lupango niliopewa na bwana fulani wa biro, uliokuwa uwanja wa shule, ni wangu kweli?» Swali hilo si la wanasheria peke yao. Mtu anataka kujua kama amenunua ao kama amepokea kitu cha wizi. Basi tunataka kueleza namna serikali zinavyoachilia ardhi na majengo zisiyoyahitaji tena, na mahali mambo yanapoharibika. Tutakwenda kwanza mpaka Uingereza, kwa sababu huko kulikuwa na shauri moja maarufu linaloonyesha jambo hili wazi kuliko mahali pengi. Baadaye tutarudi kwetu.

Tujue kwanza kwamba mali ya Serikali ni ya namna mbili. Kuna mali inayofanya kazi ya watu wote: barabara, soko, shule, hospitali, makaburi, kambi ya askari. Kuna mali nyingine ambayo Serikali inaishika kama mwenye shamba anavyoshika shamba lake: viwanja visivyogawanywa bado, nyumba za kupangisha, mapori. Ile ya kwanza haiuziki, hata mnunuzi akileta bei nzuri namna gani. Ile ya pili yaweza kutolewa ao kuuzwa kwa kufuata sheria. Kwa hiyo, mali ya namna ya kwanza isipohitajiwa tena, sharti kwanza ivushwe na kutiwa katika namna ya pili. Tendo hilo la kuivusha ndilo dezafektasio inayosomwa katika kartasi za biro. Sisi tutasema kwa Kiswahili: kuivua kazi.

Seminaristi aliyesoma Sheria ya Kanisa hataona jambo hilo kuwa geni. Kanisa la kusalia haligeuki kuwa ghala siku ile Wakristo wanapohamia mtaa mwingine. Kanuni ya 1222 yataka askofu, akiisha kulisikiliza baraza la mapadri, ndiye aliondoe katika kazi ya ibada, kwa kibali cha wale wenye haki juu yake. Na hata hapo lisitumiwe kwa kazi ya aibu. Kulivua kazi ni tendo moja, kuliuza ni tendo jingine. La kwanza laweza kufanyika bila la pili. La pili haliwezi kufanyika bila la kwanza.

Kwa nini kutenganisha matendo hayo? Kwa sababu mwenye kutamani kuuza asiwe yeye peke yake wa kusema kwamba kitu hakihitajiwi. Tumekwisha kuona majengo yaliyoachwa kwa kusudi, paa likivuja miaka na miaka bila mtu kupandisha bati moja, mpaka siku bwana mmoja anapokuja kuandika: «Jengo limekufa, halifai kitu.» Jengo halikufa. Liliuawa.

Tena, kosa la kuita ziada kitu kisicho cha ziada halifanywi na watu wa inchi maskini tu. Mwaka wa 1996 Serikali ya Uingereza iliuza nyumba za jamaa za askari, zaidi ya 57,000, kwa kampuni moja, Annington, kwa paundi bilioni 1.66. Lakini askari hawakutoka katika nyumba zile. Serikali yenyewe ilizipanga mara moja kwa miaka 200, ikaanza kulipa kodi ya nyumba zilizokuwa zake jana. Zile tu zilizoonekana kwamba hazihitajiwi ziliachiwa kampuni ili ifanye nazo biashara. Ni kama mtu kuuza nyumba anamolala na kuwa mpangaji ndani yake. Kisha bei ya nyumba ilipanda sana katika inchi ile, na faida ikawa ya kampuni. Mwaka wa 2018 wakaguzi wa hesabu za taifa waliandika kwamba Serikali imepata hasara ya kati ya paundi bilioni 2.2 na bilioni 4.2, kuliko kama isingaliuza. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 ilizinunua tena nyumba zaidi ya 36,000 kati ya zile, kwa paundi karibu bilioni 6. Katika mambo hayo hakuna aliyeshitakiwa kwamba aliiba. Walihitaji fedha za haraka, basi. Na mwenye kuhitaji fedha za haraka huona ziada mahali pengi.

Tuseme sasa kwamba mali imevuliwa kazi kweli kweli. Swali linalofuata ni hili: nani aulizwe kwanza? Watu wengi wanafikiri kwamba jibu ni jepesi: itangazwe, na mwenye fedha nyingi achukue. Wamarekani, wanaopenda biashara kuliko watu wote, hawakuona hivyo. Baada ya vita ya 1939–1945 Serikali yao ilibaki na viwanda, kambi na viwanja vya ndege visivyo na kazi, na mwaka wa 1949 ikatunga sheria moja kubwa juu ya mali yake. Sheria ile inatofautisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Wizara moja ikisema: «Hatuhitaji jengo hili,» jengo halijawa la ziada bado, maana pengine wizara nyingine inapanga nyumba kwa bei kali katika njia ile ile. Wizara zote zinaulizwa kwanza. Zikinyamaza zote, hapo ndipo mali inaitwa ya ziada. Tangu sheria nyingine ya mwaka wa 1987, wale wanaosaidia watu wasio na makao wana haki ya kuomba majengo yanayofaa mbele ya wengine. Baada yao zinakuja shule, hospitali, bustani za watu wote, nazo zaweza kupewa kwa bei iliyopunguzwa ao bure kabisa. Kisha majimbo na miji yaweza kununua kwa mapatano. Mnada uko mwisho wa njia.

Mbele ya mji wa New York kuna kisiwa kinachoitwa Governors Island. Kilikuwa cha jeshi muda mrefu sana, kisha cha askari wanaolinda pwani, mpaka hao nao walipokihama katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2003 sehemu yake kubwa iliuzwa kwa watu wa New York kwa dola 1, kwa sharti kwamba kitumiwe kwa faida ya watu wote. Mwenye duka atacheka. Lakini ardhi ile ilikuwa ya watu wakati ilipokuwa ya jeshi, nayo imebaki ya watu wakati jeshi lilipoondoka. Leo ni bustani. Ingaliweza kuwa majumba ya matajiri, na fedha zake zingaliliwa zamani.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye sheria ya Wamarekani tuliyoieleza haimtaji katika mfuatano wake, naye ni yule aliyekuwa na shamba kabla Serikali haijalichukua. Hapa ndipo shauri la Waingereza linapoingia.

Crichel Down ni jina la mashamba katika wilaya ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Mwaka wa 1938, vita ikikaribia, wizara ya ndege ilichukua huko eka 725, ndizo hektari karibu 293, ili marubani wajifunze kutupa mabomu. Wenye mashamba hawakuulizwa kama wanataka kuuza. Sheria ilimpa minista uwezo wa kuchukua na kulipa. Alilipa paundi 12,006. Eka 328 kati ya zile zilikuwa za Lord Alington, aliyekufa mwaka wa 1940 akiwa katika kazi ya vita. Mwaka wa 1941 Churchill alisema katika Bunge kwamba ardhi iliyochukuliwa namna hiyo itarudishwa kwa wenyewe, vita ikiisha na ardhi isipohitajiwa tena.

Vita ikaisha. Mabomu yakakoma. Lakini wizara ya ndege haikuwarudia wenye mashamba. Iliipeleka ardhi kwa ndugu yake, wizara ya kilimo, na katika vitabu vya hesabu thamani yake ikaandikwa kuwa paundi 21,000. Mabwana wa kilimo walikuwa na fikira zao. Chakula kilikuwa bado haba katika inchi. Wao walitaka kuonyesha shamba moja kubwa la kisasa, lenye nyumba na maghala mapya, mkononi mwa mpangaji mmoja hodari. Binti wa Lord Alington alikuwa ameolewa na afisa wa manowari, George Marten. Huyu aliandika na kuomba kuinunua tena sehemu ya jamaa yao. Alikataliwa. Wakulima wengine wa pande zile nao walikuwa wameandika wakitaka kupanga, na walikuwa wamejibiwa kwamba watafikiriwa. Kumbe siku ya kuwafikiria ilipofika, mpangaji alikuwa amekwisha kuchaguliwa. Barua zilikuwa zikipita kati ya biro na biro, zikitafuta namna ya kuyafunika yale yaliyokwisha kuamriwa.

Marten hakunyamaza. Aliwaita majirani, akawaona wajumbe wa Bunge, mpaka minista wa kilimo, Sir Thomas Dugdale, akakubali shauri lichunguzwe hadharani. Mwanasheria Sir Andrew Clark alisikiliza mashahidi na kusoma barua zote, na katika mwaka wa 1954 maandiko yake yakatolewa. Tarehe 20 Julai 1954 Dugdale alisimama katika Bunge na kusema kwamba anaacha kazi yake. Bwana Marten akauziwa ardhi.

Sasa tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Sir Andrew Clark hakukuta rushwa. Hakukuta mtu aliyetia hata paundi moja katika mfuko wake. Mabwana wale walifanya kazi mpaka usiku, walipenda kilimo, walitaka mkate uwe mwingi katika inchi yao. Mbele ya sheria ardhi ilikuwa ya Serikali, bei ilikuwa imelipwa. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika fikira moja tu: kwamba kitu kilichoingia mkononi mwa Serikali kwa sababu fulani kinabaki mkononi mwake hata sababu ile ikikwisha. Mwenye shamba alilazimishwa kulitoa kwa ajili ya mabomu. Hakulazimishwa kulitoa kwa ajili ya shamba la kisasa la mtu mwingine. Kama wangemwambia mwaka wa 1938: «Tunachukua shamba lako tukampe jirani yako,» hakuna Bunge ambalo lingekubali.

Baada ya shauri hilo Waingereza waliweka kanuni zinazoitwa mpaka leo kwa jina la Crichel Down. Ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu ya sheria, ao iliyouzwa kwa kuogopa nguvu hiyo, isipohitajiwa tena, mwenyewe wa kwanza ao warithi wake waulizwe mbele ya wengine kama wanataka kuinunua. Wanainunua kwa bei ya siku ile, si kwa bei ya zamani. Yako mambo yanayozuia: kama ardhi imegeuzwa kabisa, kwa mfano mahali pa malisho pamekuwa mtaa wa nyumba, haki hiyo haisimami tena.

Msomaji ataweza kusema: «Lord Alington alikuwa tajiri. Kwa nini tumsikitikie mkwe wake?» Ni neno la kweli, nasi hatumlilii. Lakini maskini angalipata wapi wanasheria na marafiki katika Bunge? Shauri lilishindwa na mtu mwenye nguvu, na kanuni iliyotoka humo yamfaa pia mjane mwenye robo ya eka. Ndivyo haki nyingi zilivyopatikana.

Juu ya bei hatutakawia, kwa maana mapadri wanaijua kanuni yake. Mali ya Kanisa haiuzwi isipokuwa kwa sababu ya haki, na baada ya watu wenye ujuzi kuipima na kuandika thamani yake: ndiyo kanuni ya 1293. Kwa desturi haiuzwi chini ya thamani ile, na fedha zinazopatikana zinawekwa vema kwa faida ya Kanisa ao kutumiwa kwa akili kwa kusudi lile la kuuza: kanuni ya 1294. Na kanuni ya 1298 inakataza, pasipo ruhusa ya pekee iliyoandikwa, kuwauzia ao kuwapangisha wale wenyewe wanaoitunza mali hiyo, pamoja na jamaa zao mpaka daraja la nne, labda kitu kiwe kidogo tu. Serikali zenye akili zinafuata njia ile ile kwa maneno mengine: mpimaji asiye mnunuzi wala muuzaji, tangazo linalosomwa na wote, bahasha zilizofungwa na kufunguliwa mbele ya mashahidi ao mnada wa hadhara, na fedha kuingia katika hazina, si katika saraka ya meza. Penye bei ya chini kwa ajili ya shule ao wagonjwa, hakuna ubaya, mradi bei hiyo iandikwe na kila mtu aisome. Zawadi ya Serikali iliyofichwa, mara nyingi aliyeipokea ni ndugu ya aliyeitoa.

Kukesha kunafaa kabla ya kuuza, kwa sababu mauzo yakikwisha ni vigumu sana kuyatengua. Wafaransa walituonyesha jambo hilo kwa mali ya Kanisa lenyewe. Tarehe 2 Novemba 1789 Baraza lao liliamuru kwamba mali ya Kanisa iwe chini ya mkono wa taifa, ili madeni ya Serikali yalipwe. Monasteri, mashamba ya parokia, mizabibu ya watawa, vyote vikauzwa kwa maelfu ya watu. Miaka kumi na miwili baadaye, katika mapatano ya 1801, Papa Pius VII aliahidi kwamba wala yeye wala watakaomfuata hawatawasumbua wanunuzi. Aliyaahidi hayo kwa ajili ya amani. Mashamba yalikuwa yamekwisha kupita mkono kwa mkono, yakagawiwa mahari na urithi. Nani angaliweza kuyakusanya tena?

Turudi kwetu Kongo. Neno lile la watu, «haina mwenyewe», halikuzaliwa juzi. Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi zote zisizo na mwenyewe ni za Serikali. Wakahesabu kuwa na mwenyewe mahali penye nyumba na mashamba yanayolimwa; lakini mashamba yaliyopumzishwa, mapori ya kuwinda, misitu ya kuokota viwavi na asali, wageni waliona ni tupu, ingawa kila ukoo ulijua mpaka wake. Kisha ardhi hizo zikagawanywa kwa makampuni. Katika Katanga, tangu mwaka wa 1900, halmashauri moja ya pekee, Comité Spécial du Katanga, ilitawala ardhi kwa ajili ya Serikali na ya Kampuni ya Katanga: sehemu mbili kwa tatu za Serikali, sehemu moja ya Kampuni. Tukiongea juu ya ardhi ya Serikali katika inchi yetu tusisahau mwanzo huo. Sehemu kubwa yake haikununuliwa hata kwa paundi za Crichel Down.

Baada ya uhuru, sheria inayoitwa kwa jina la Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, iliirudishia Serikali ya Kongo uwezo wote juu ya ardhi. Ikafuata sheria kubwa ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotengenezwa mwaka wa 1980. Yapasa kila padri mtunza hazina aijue mizizi yake. Sheria ile iliweka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, nayo haiwezi kuuuza kabisa. Basi kwa maneno kamili Serikali ya Kongo haiuzi ardhi. Inatoa haki ya kuitumia, ndiyo konsesio, na majengo yaliyo juu yake ndiyo yanayouzika. Konsesio ya daima wanapewa Wakongomani, watu wenyewe. Wageni, makampuni, mashirika, majimbo ya maaskofu na nyumba za watawa, hao wanapata konsesio ya kawaida ya miaka isiyopita 25, inayoweza kuanzwa upya. Tunalitaja jambo hili kwa kusudi: kuna misioni zenye kanisa la mawe la tangu zamani na kontra iliyokwisha muda wake kabatini, na hakuna aliyetazama tarehe.

Juu ya mali ya kazi ya watu wote, sheria ya 1973 ilisema wazi: haiwezi kutolewa kwa mtu maadamu haijavuliwa kazi kwa taratibu. Na kwa ardhi kubwa iliweka milango ya juu zaidi: kontra ya hektari 2000 ao zaidi mashambani, ao hektari 100 ao zaidi mjini, haina nguvu mpaka ithibitishwe kwa sheria.

Maandiko ni mazuri. Mambo yanaharibika kwa upande wa pili, katika vipande vidogo: kona ya uwanja wa mpira wa shule, ukingo wa barabara, sehemu ya makaburi ya zamani, bustani nyuma ya hospitali. Hakuna Bunge litakaloulizwa juu ya mita ishirini kwa thelathini. Bwana mmoja anachora, wa pili anapiga muhuri, wa tatu anapokea fedha. Mnunuzi mara nyingi si mwizi. Ni mwalimu ao mjane aliyeweka akiba miaka mingi, ambaye ameonyeshwa kartasi yenye muhuri na kuamini. Siku Serikali nyingine inapokuja kubomoa ukuta, yeye ndiye anayelia, na waliopokea fedha wamehamishiwa mji mwingine.

Kwa hiyo mtu akija kuuliza, tusimjibu kwa maneno ya jumla tu. Tumwombe alete kartasi, tusome pamoja naye. Kama mahali palikuwa pa shule, pa soko ao pa makaburi, iko wapi amri ya kuvua kazi, na nani aliyeitia sahihi? Je, tarehe yake ni kabla ya kontra ao baada yake? Amri iliyoandikwa baada ya kontra inaonyesha kwamba ardhi iliuzwa kwanza na sababu ikatafutwa nyuma. Je, namba ya lupango iliyo katika kontra ni ile ile iliyo katika ramani ya kadastri? Je, fedha zililipwa wapi, na risiti ni ya hazina ao ni kipande cha daftari? Mwenye kuuza akikataa mnunuzi asiende mwenyewe kwa konservateri kutazama kitabu, basi mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Na wale wanaonyang'anywa uwanja wao wa watu wote, kamati ya wazazi kwa mfano, wasingojee. Haki juu ya lupango inathibitishwa kwa sertifika ya kuandikishwa, na sheria ya 1973, kama ilivyotengenezwa 1980, iliweka kwamba sertifika ikipita miaka miwili bila kushitakiwa, haiwezi tena kutenguliwa. Mwenye kuonewa anabaki na njia ya kudai malipo tu. Miaka hiyo miwili inahesabiwa tangu siku sertifika inapotolewa katika biro, si tangu siku ukuta unapoonekana. Waende mapema kwa konservateri na kuomba kujua kilichoandikwa, wapeleke barua kwa mkono na kurudi na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, na nakala hizo ziwekwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo, mahali ambapo mchwa na mabwana wa biro hawafiki upesi.